Tangulia, Uangalie Mashimo

6 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na usianze kununa kwenye mstari wa kwanza. Mimi ndiye niliyetoka kwanza tumboni. Marehemu mama alisema, mkunga alisema, na wewe ulikuja nyuma yangu umekunja uso kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Pacha ni pacha, lakini mkubwa ni mkubwa. Hata tukifika themanini utabaki mdogo wangu.

Huku hatujambo. Binti yangu ninayekaa naye anamsalimu mjomba wake, mumewe naye anakusalimu, na mjukuu wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akisema anapiga mluzi. Jumapili nilikupigia simu. Nilipayuka mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani, na wewe kule ukawa unasema, "Nani? Nani?" Hiyo nyundo yako ya kugongea viatu imeyamaliza masikio. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu na karatasi. Tena kwenye karatasi nyumba nzima hainisikii.

Sasa lililo moyoni. Unamkumbuka jirani yetu fundi cherehani, yule mrefu aliyekushonea suruali ya harusi ikawa fupi? Aliteleza kwenye kizingiti cha jiko lake mwenyewe, akavunjika nyonga. Ukelele wake niliusikia nikiwa kitandani. Tangu siku hiyo naogopa, ndugu yangu, sikufichi. Naogopa bafu. Naogopa vidaraja viwili vya barazani. Naogopa hata mkeka. Mimi huyu, niliyekuwa mpishi wa shule ya bweni, niliyekuwa naipua sufuria la maharage ambalo wanaume wawili walikuwa wakitupiana macho kabla ya kulishika! Siku hizi nikiona maji yamemwagika sakafuni, nasimama papo hapo nasubiri mtu aje anivushe.

Na hapa nyumbani wananisaidia kuogopa. Nikiinuka, "Mama, kaa." Nikishika ndoo, "Mama, acha." Binti yangu kaninunulia mkongojo wenye mpira chini, nautumia kuzimia taa bila kuondoka kwenye kiti. Geti la nyumba hii nimelisahau rangi.

Mara ya mwisho tulionana tulipomzika wifi yangu, mkeo. Sitaki mara nyingine tuonane mmoja amelala na mwingine analia. Mimi basi siwezi kulipanda, zile ngazi za mlangoni zinanitetemesha. Wewe usiyeogopa kitu, njoo wewe.

Mkubwa wako.


2 Februari

Mdogo wangu,

Kwanza tuiweke sawa historia. Mkubwa hatoki kwanza. Mkubwa humwambia mdogo: tangulia, uangalie mashimo. Nilikutuma, ukatoka, ukalia, nikajua njia ni nzuri, ndipo nikaja kwa raha zangu. Mengine ni maneno ya mkunga, na mkunga alikuwa rafiki wa mama.

Sisi wazima. Mwanangu na mkewe wanamsalimu shangazi. Mkwe wangu anapika mpaka mkanda umeniishia matundu. Shule zimefunguliwa, basi karakana hapa mbele ya nyumba imejaa viatu vya watoto hadi chini ya benchi, na kila mama anataka cha mwanawe leo leo.

Pole sana kwa fundi cherehani, ingawa ile suruali sijaisamehe. Lakini nawe dada! Hofu ya kuanguka ni maradhi yenu wanawake. Mnaangalia chini mno, na anayeangalia chini ndiye anayeliona shimo. Kujikwaa si kuanguka. Mimi hapa kila asubuhi navuka ubao wa mtaro mbele ya karakana, naenda mpaka sokoni, nazunguka kwa wauza ngozi, narudi na kile kilima chetu, napita kijiweni kwenye kahawa, nafika kazini sijahema. Juzi mkwe wangu kaniambia, "Baba, uwe unashika ukuta." Nikamwambia ukuta ndio unishike mimi.

Kuja huko kwa sasa siwezi. Kazi imenishika koo. Lakini nitakufanyia jambo: nitakushonea viatu. Ngozi laini, kisigino kifupi, soli ya mpira yenye meno ya kuuma ardhi. Kipimo sihitaji. Tangu tulipokuwa tunagawana jozi moja ya shule, wewe zamu ya asubuhi na mimi ya mchana, mguu wako ni mguu wangu. Ila kiatu kipya huuma, na mguu unaoumwa ndio unaojikwaa. Kwa hiyo nitavivaa mimi mwenyewe mwezi mzima, nivitembeze mji huu wote mpaka vilainike, ndipo nikutumie.

Mkubwa wako, yule wa kweli.


19 Februari

Mdogo wangu mkaidi,

Barua yako nimeicheka mpaka binti yangu akaja mbio, akidhani nimeanguka. Katika nyumba hii hata kicheko kinatiliwa shaka.

Hatujambo. Meno ya mjukuu yanaota. Fundi cherehani amerudi kutoka hospitali, wanamfundisha kusimama kwa fremu ya chuma. Ananiulizia kila siku. Nyumba ya pili tu kutoka kwetu, ukipiga chafya anasema afya! Nami nimempelekea uji kwa mkono wa mtu. Nimeona haya, lakini miguu imekataa kuvuka geti.

Viatu nakubali. Viwe vyeusi. Visiwe na kamba, maana kuinama nako nakuogopa.

Ila nikuulize. Miaka yote barua zako zinakuja na umbea wa kijiweni: nani kaoa, nani kafilisika, dereva mstaafu kasema uongo gani. Safari hii umekipita kijiwe bila hata kusimama. Mmegombana? Na wewe huogopi kabisa, hata kidogo? Baba, kwenye benchi lake la viatu, alikuwa akisema hajawahi kuletewa mguu mbovu maishani mwake. Kila mteja alidai kibovu ni kiatu.

Mkubwa wako anayeuliza tu.


30 Machi

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Huku sote wazima, mwanangu anakusalimu, mkwe anakusalimu, hata paka ningemsalimisha kama angekuwa na adabu.

Kahawa nimeacha. Inanipandisha presha. Na wale wazee wa kijiweni wamezidi uongo, mtu anatoka pale masikio yamechafuka. Basi hayo yameisha.

Viatu ndivyo hivi. Nimevivaa kama nilivyoahidi. Vimepita sokoni, vimepita matope, vimepanda kilima, na ubao wa mtaro nimeuvuka navyo mpaka umenizoea. Ingiza mkono ndani usikie ulivyo ulaini wake. Sasa vaa, toka nje, uache uoga.

Habari ya kuja, mwaka huu naona mgumu. Tutazame mwakani, tukijaliwa.

Mkubwa wako.


11 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo wote, salamu zimefika, na sasa kaa chini unisikilize.

Kifurushi kilikuja Jumanne. Nilitia mguu ndani nikasema, "Ah!" Nikalia kidogo, sikufichi. Mikono yako ni mikono ya baba mtupu. Kisha nikafanya anachofanya mtoto yeyote wa fundi viatu bila kufikiri. Nikavigeuza.

Umesahau tulikolelewa? Tulicheza sote wawili chini ya benchi lile. Mtu akileta kiatu, baba hakumtazama usoni, alikigeuza kwanza: huyu anabebea mzigo kulia, huyu ana haraka, huyu mwezi huu amelewa sana. Wewe ulirithi nyundo. Macho nilirithi mimi.

Soli zako hazina udongo. Hazina hata kokoto moja kwenye hayo meno ya kuuma ardhi. Zina nta nyekundu ya sakafu, ileile ambayo marehemu mkeo alikuwa akiipaka sebuleni mpaka tukavua viatu mlangoni. Mwezi mzima wa soko na matope, na soli zinang'aa nta! Ncha ya kushoto imechubuka: unaburuta mguu. Ubavu wa kulia umeshika chokaa ya ukuta: unatembea umeegemea, kutoka kitandani hadi kwenye benchi, kutoka kwenye benchi hadi kitandani. Kumbe kweli ukuta ndio unaokushika, bwana mkubwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mlangoni.

Nimekasirika, usidhani natania. Sikukasirikia hofu yako. Nimekasirika kwa sababu mimi nilikumwagia yangu yote, mpaka mkeka, nawe ukanicheka huku umeshika ukuta. Na nimeingiwa na woga mpya. Mimi nikisema naogopa, kuna mtu atanishika mkono. Wewe uliyesema huogopi atakushika nani?

Haya, na wangu ukweli uupokee. Sijawahi kuanguka. Hata siku moja. Daktari kanipima, kasema miguu hii ina kazi nyingi bado. Nilimwona mwenzangu kaanguka, nikasema naogopa, na nyumba nzima ikanijibu, "Ndiyo, Mama, ogopa." Wakaninyang'anya ndoo, wakaninyang'anya stuli, wakanifungia geti kwa upendo. Mwanamke akisema anaogopa anapewa kiti. Mwanamume sijui anapewa nini, maana hujawahi kusema tukaona. Lakini tazama tulivyo sasa: mimi na kiti changu, wewe na ukuta wako, na hakuna aliyetoka nje.

Viatu nakurudishia, fundi, kazi haijaisha. Ndani umevilainisha vizuri. Sasa nenda ukavichafue. Polepole, na fimbo mkononi, na mtu ubavuni. Sivivai mpaka vije na udongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu ni mimi.

Umeanguka mara ngapi?

Dada yako.


2 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mei imepita, kalamu yako haijasema neno. Nilimpigia mwanao, akasema mzee yupo, anafanya kazi, ila amekuwa mkimya. Sikumwambia kitu. Siri yako haijatoka kwangu.

Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kama ulimi wangu umekuumiza, nisamehe ukali wake. Nilichokisema sikiombei msamaha.

Lakini nikaona si haki nikudai nisichokitoa mwenyewe. Jumamosi nilimwambia binti yangu, "Leo siketi, naenda kwa jirani." Akasema, "Mama, nitakwenda mimi." Nikasema, "Wewe ukienda, atakuwa amekuona wewe." Akataka kunishika kwapa kama gunia, nikamwambia anifuate nyuma, akiniona nayumba ndipo anishike. Basi tukatoka. Nilichukua mkongojo wangu wa kuzimia taa. Getini nilisimama nikashikilia nguzo, watu wanapita na baiskeli zao wala hawajui hapo pana vita. Nikaenda. Niliogopa njia nzima, hakuna hata hatua moja niliyosahau kuogopa. Ila sikuanguka.

Fundi cherehani alinipokea mlangoni amesimama na fremu yake. Akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo mimi niliyevunjika nyonga ndiye nikufungulie mlango?" Tulicheka mpaka tukashikana, na hapo ndipo tulipokaribia kuanguka kweli.

Niandikie. Hata ukitaka kunitukana, niandikie.

Dada yako.


20 Juni

Pacha wangu,

Mara tatu.

Naona nimeanza bila salamu. Acha iwe hivyo, nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Mara ya kwanza ni chooni, hakuna aliyeona, nikazisingizia ndala. Ya pili ni karakanani. Nilishika rafu, nikaja nayo chini, viatu vya wateja vikanifunika mpaka kifuani, nikamwambia mwanangu ni paka. Ya tatu ni ubao wa mtaro, asubuhi, mbele ya kijiwe kizima. Niliingia mtaroni mzimamzima, kofia yangu ikaelea ikaenda zake. Wote wakasema, "Hamadi!" halafu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Angekuwa dereva mstaafu, ningecheka mimi kuliko wote. Nikasema nilishuka makusudi kutafuta nyundo. Basi muuza kahawa akaja kunitoa, akanipangusa uso kwa kile kitambaa anachofutia vikombe, pale hadharani, taratibu, kama mtu anavyompangusa mtoto mdogo. Goti lilipona. Kile kitambaa hakijapona mpaka leo. Tangu siku hiyo sikuuvuka tena ubao.

Unasema sikukwambia. Ningekwambiaje? Ukisema wewe, watu wanaleta kiti. Nikisema mimi, watamleta mtu wa kununua benchi. Nilijua mwanangu atasema, "Baba, umefanya kazi ya kutosha, pumzika," na karakana ya baba itageuzwa duka la vocha. Ndiyo maana niliuchagua ukuta. Ukuta hausemi kitu.

Viatu viliporudi nilikasirika. Nilivipanga rafuni, soli zikaangalia ukutani, nisizione. Halafu ikaja barua yako ya Juni. Nikaisoma mara ya pili, nikajiambia: yule wa kwenye kiti ametoka nje, na huyu wa mji mzima bado anapapasa chokaa. Nikaona aibu ambayo hata mtaroni sikuiona.

Naogopa, pacha wangu. Haya, nimeandika. Nimelitazama hilo neno hapo kwenye karatasi, halijaniua.

Nilianza kwa mkwe wangu. Nikasema, "Mwanangu, kuna jambo." Akasema, "La miguu, Baba? Sakafu hii napaka nta mimi. Nilikuwa naiona michirizi yako kila siku." Kumbe mwongo nilikuwa peke yangu, waliodanganyika hawakuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa pembeni yangu nilipomwambia mwanangu. Nikangoja neno "pumzika". Kijana hakulisema. Alinitazama, akatoka, nikasikia nyundo huko nje. Nilipochungulia nikakuta anaongeza ubao wa pili kando ya ule wa kwanza, na amesimamisha mti wa kushikilia. Mbao alikuwa nazo tayari, nyuma ya nyumba. Alikuwa anangoja niseme. Dada, nilirudi ndani nikalia, nikajifanya nimeingiwa na gundi machoni.

Nimevuka. Siku ya kwanza nilivuka nikarudi, basi. Siku ya pili nilifika kijiweni, nina fimbo. Hakuna aliyecheka. Muuza kahawa aliniwekea kikombe kama vile jana nilikuwepo. Nilipokuwa naondoka, dereva mstaafu akanifuata pembeni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniuliza kwa kunong'ona kama naweza kutia mpira chini ya fimbo. Anayo, anaificha nyuma ya mlango! Sasa karakanani nina fimbo za wazee wa kijiwe karibu wote, na kila mmoja anadhani ni yake tu.

Viatu nimevifunga pamoja na barua hii. Ni vichafu. Usivioshe kabla hujavisoma.

Pacha wako.


14 Septemba

Pacha wangu, mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote, na fundi cherehani anasema suruali ilikuwa sawa, miguu yako ndiyo ilikuwa mirefu.

Nilivisoma. Niliviweka mapajani, nikavaa miwani, nikamfukuza kila mtu barazani. Kokoto za kilimani zimo. Udongo mwekundu umo, na matope meusi ya mtaroni. Ncha ya kushoto bado inaburuta, nyanyua mguu huo. Lakini ubavu wa kulia hauna chokaa mpya, ule weupe wa zamani umefutika. Nilivikumbatia kifuani na uchafu wake wote, gauni likaharibika, binti yangu akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia, "Mjomba wako ametoka nje."

Basi nikavivaa. Nilianza na nyumba ya jirani. Kisha dukani. Siku moja binti yangu alirudi kutoka kazini akakuta kiti hakina mtu, akapiga kelele mpaka barabara ya pili, na mimi niko kwa muuza mboga namwambia nyanya zake ni za wiki iliyopita. Tuligombana. Akasema, "Mama, ukianguka?" Nikamwambia, "Nikianguka utaniinua. Nikikaa tu, utaniinua vipi?" Akalia, nami nikalia. Tangu hapo ameacha kusema "kaa". Sasa anasema "polepole", na hilo nalipenda. Ndoo nimerudishiwa, lakini nusu.

Bado naogopa. Bafuni nashika chuma alichokipigilia mkwe wangu, na mvua ikinyesha sitoki. Ila nimegundua hofu ni mwenzangu wa safari tu, hainizuii kufika ninakokwenda, inaongea njiani.

Sasa jambo lenyewe. Soli za viatu vyako zimelika. Kisigino cha kulia kimekwisha kabisa, na yale meno ya kuuma ardhi yameng'oka kama ya mjukuu wangu. Vinahitaji fundi. Safari hii sivitumi kwa posta. Naja navyo, viko miguuni. Binti yangu atanipandisha basi, nimeshazijaribu zile ngazi zake mara mbili likiwa limesimama, kondakta akanipigia makofi, mshenzi yule. Nafika kwenu Jumamosi ya kwanza ya Oktoba.

Najua kituo cha basi kiko mbali na karakana. Najua kuna ubao, na kilima, na watu. Sikulazimishi. Lakini nikishuka, ningependa uso wa kwanza kuuona uwe wako. Na ukishindwa, nitumie mwanao, sitanuna. Nitanuna kidogo.

Dada yako.


25 Septemba

Dada,

Sote wazima, na nyumba haina raha kwa kukungoja. Mkwe wangu ameikwangua nta yote ya sebuleni, anasema sakafu isiyong'aa haijawahi kumvunja mgeni nyonga. Uzi, gundi na mpira mpya viko tayari kwenye benchi. Utakaa kwenye stuli ya baba, miguu mitupu, mpaka nimalize soli, kwa hiyo usipange kuondoka haraka.

Mwanangu alisema atakuja kukupokea yeye. Nikamwambia atabeba mizigo.

Nitakuwepo kituoni. Nitakuwa na fimbo, nitakuwa naogopa, na huenda ukanikuta nimeshika nguzo. Lakini basi likiingia nitakuwa nimeshafika kabla yako, nimeipita njia yote, nyumbani hadi kituoni, nikuonyeshe pa kukanyaga.

Safari hii natangulia mimi, niangalie mashimo.

Mdogo wako.